Kuozwa, Kuolewa, Kuhama: Kazi na Nyumba ya Mwanamke Mfugaji katika Riwaya ya Kwanza ya Nuruddin Farah

1. Utangulizi

Riwaya ya kwanza ya mwandishi Msomali Nuruddin Farah, From a Crooked Rib, ilitolewa London mwaka 1970. Hapa Kongo wanafunzi wetu huisoma kwa Kifaransa, katika tafsiri iitwayo Née de la côte d'Adam. Ni kitabu kifupi chenye lugha nyepesi, na kwa sababu hiyo kinafaa sana katika masomo ya fasihi ya Afrika. Kinasimulia habari za Ebla, msichana yatima wa kambi ya wafugaji wanaohamahama huko Ogaden. Babu yake amemwahidi kwa Giumaleh, mwanamume aliyemzidi sana umri, kwa malipo ya ngamia. Ebla anatoroka, anafuatana na msafara hadi mji wa Belet Wene, na hatimaye anafika Mogadiscio.

Tunapowaomba wanafunzi waeleze maana ya riwaya hii, mara nyingi jibu huwa ni lile lile: Ebla ametoka katika giza la pori akaingia katika mwanga wa mji. Makala haya yana shabaha ya kuonyesha kwamba jibu hilo halitoki kitabuni. Linatoka katika mawazo ambayo msomaji amekuja nayo, naye huyaweka juu ya kitabu kama mtu awekaye kifuniko juu ya chungu bila kutazama kilichomo ndani.

Tunalodai ni hili. Kambini Ebla ananyimwa neno juu ya ndoa yake, lakini anaishi katika utaratibu wa kazi ambao humpa mwanamke nyumba. Mjini anapata neno, walau kwa kiasi, ila nyumba haipati. Msomaji asiyejua kazi ya kila siku ya kambi hawezi kuiona hasara hiyo, na hivyo hukisoma kitabu nusu. Kwa hiyo tutaanza na kazi, tutakuja kwenye nyumba, kisha tutamrudia Ebla. Mwishoni tutagusa jambo la lugha, ambalo ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa idara za Kiswahili.

2. Kambi mbili, kazi mbili

Msomaji wa Kongo, hasa aliyekulia Ituri au Kivu, anamjua ng'ombe. Ngamia wengi wetu tumekutana naye katika Biblia tu. Hatuna budi basi kukumbusha jambo la kwanza kuhusu mnyama huyu: yeye huweza kukaa majuma mawili na zaidi bila kunywa maji, hata wakati wa kiangazi. Mbuzi na kondoo hawawezi kustahimili kiasi hicho. Lazima warudishwe kisimani baada ya siku chache. Mifugo hii haiwezi kulishwa pamoja mwaka mzima, na watu wanaoichunga hawawezi kuishi pamoja mwaka mzima.

Hapa ndipo unapoanzia mgawanyo wa kazi kati ya wanaume na wanawake miongoni mwa wafugaji wa Kisomali wa kaskazini na kati. Katika miezi ya ukame, hasa ile ya jilaal, kati ya Desemba na Machi, kundi huwa na kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya ngamia. Huko wapo vijana wa kiume wasiooa na wavulana, ambao huanza kwenda wakiwa bado wadogo. Hawana nyumba. Hulala ndani ya boma la miiba, chakula chao ni maziwa, na huwafuata ngamia mbali sana, popote palipo na majani. Kambi ya pili ni ya nyumba. Humo wanakaa wanawake, wasichana, watoto wadogo na wanaume walio na wake, pamoja na mbuzi, kondoo na ngamia wachache wa kubeba mizigo. Kambi hii haithubutu kwenda mbali na kisima.

Kila kambi ina kazi zake. Wanaume huchimba na kusafisha visima, huwanywesha ngamia kwa kuvuta maji kwa mikono kutoka chini kabisa, hukamua ngamia, na huenda sahan, yaani safari ya upelelezi wa kutafuta malisho kabla ya kambi kuhama. Wanaume ndio wakaao katika shir, baraza linaloamua mambo ya ukoo, vita na fidia. Wanawake na wasichana huchunga na kukamua mbuzi na kondoo, husukasuka maziwa wapate samli, hutafuta kuni na maji ya nyumbani, hulea, hupika, na husuka. Neno hili la mwisho msomaji asilipite haraka. Mwanamke husuka mikeka ya kuezekea nyumba, kamba za kufungia mizigo, na vyombo vya maziwa na maji viitwavyo haan. Vyombo hivyo husukwa kwa nyuzi za miti zilizobanana mpaka havivuji, kisha hufukizwa moshi ndani ili maziwa yasiharibike upesi. Jamii isiyofinyanga vyungu vingi, kwa sababu chungu huvunjika safarini, inategemea mikono ya msukaji ili iweze kunywa.

Mvua za gu' zinyeshapo, kuanzia Aprili, kambi mbili hukaribiana. Maziwa hujaa, vijana huja kucheza ngoma, na ndoa hufungwa. Nusu ya mwaka basi mwanamume kijana na mwanamke kijana hawaonani, na nusu nyingine wanaonana mbele ya watu wote. Si haki kusema kwamba mwanamke huyo amefungiwa ndani. Ndani ya nini? Anachunga kondoo nyikani kutwa nzima.

3. Nyumba ni ya nani?

Nyumba ya wafugaji hawa huitwa aqal. Kiunzi chake ni fito ndefu zilizopindwa, zilizopatikana kwa mizizi au matawi ya miti ya jamii ya migunga. Fito hizo husimamishwa kwa duara, hufungwa kwa kamba, kisha hufunikwa mikeka. Siku ya kuhama mwanamke huibomoa, huwapakia ngamia fito na mikeka kwa utaratibu maalumu, na yeye mwenyewe huongoza msafara wa mizigo. Mikeka iliyomkinga ngamia mgongo mchana ndiyo inayokuwa paa jioni. Wafikapo mahali papya, mwanamke huijenga tena. Mwanamume hashiriki katika kazi hiyo.

Aqal huja na bibi arusi. Mama yake, shangazi zake na wanawake wengine wa ukoo husuka mikeka miezi mingi kabla ya arusi. Upande wa bwana arusi hutoa mahari ya mifugo, yarad, na upande wa bibi arusi hujibu kwa dibaad, ambayo ndani yake nyumba ina nafasi ya kwanza. Mume mwenye wake wawili ana nyumba mbili za kuingia, lakini yeye mwenyewe hana hata moja. Maneno mamoja ya Kisomali yatajayo arusi ni aqal gal, yaani «kuingia nyumba». Anayeingia ni mume. Mwenye nyumba alikuwamo.

Tujihadhari lakini tusije tukapaka rangi nzuri mahali palipo na kidonda. Ngamia, ambaye ndiye mali kubwa na ndiye kipimo cha heshima, yu mikononi mwa wanaume. Katika sheria ya mila, xeer, fidia ya mwanamume aliyeuawa huhesabiwa ngamia 100, na ya mwanamke 50. Mtaalamu I. M. Lewis, aliyefanya uchunguzi wake katika Somalia ya Waingereza kati ya 1955 na 1957, alikiita kitabu chake cha 1961 A Pastoral Democracy, yaani demokrasia ya wafugaji. Naye anaeleza wazi kwamba wenye kauli katika demokrasia hiyo ni wanaume wazima. Msichana hupitishwa katika tohara ya kikatili, jambo ambalo riwaya haikulificha. Baba, kaka au babu anaweza kumwahidi kwa mtu asiyemtaka, na hilo ndilo lililompata Ebla.

Kwa hiyo pande zote mbili ni kweli: mwanamke ni mwenye nyumba, na mwanamke huyo huyo huhesabiwa nusu. Uhakiki wenye manufaa ni ule unaokubali kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja.

4. Ebla na vyumba vya watu

Sasa tumfuate Ebla. Sehemu ya kambi katika riwaya ni fupi. Mwandishi ametaja mifugo, babu, mdogo wake Ebla, na hasira ya msichana anayejiona amewekwa sawa na ngamia wanaotolewa kwa ajili yake. Hasira hiyo ameiandika kwa uhodari, na ndiyo inayousukuma mwili wa hadithi mbele. Lakini aqal haijengwi mbele ya macho yetu hata mara moja. Hatuoni mikeka ikisukwa. Kwa hiyo Ebla anapoondoka tunadhani ameacha ngamia na mzee tu.

Tutazame anakofikia. Belet Wene anakaa kwa binamu yake Gheddi. Anafanya kazi za nyumba hiyo na anamsaidia Aowralla, mke wa Gheddi, kujifungua. Nyumba si yake, na muda si mrefu Gheddi naye anataka kumtoa kwa mtu mwingine kwa ajili ya fedha. Tendo la babu limerudiwa, tena bila ngamia wala mila. Halafu anakimbilia kwa jirani mjane, na kwa njia ya mjane huyo anampata Awill, wanayekwenda naye Mogadiscio. Hapo anakaa katika chumba cha kupanga, na mwenye nyumba ni Asha. Awill anakwenda Italia kwa mafunzo ya kazi. Ebla anapogundua kwamba ana mwanamke huko, anafunga ndoa ya siri na Tiffo, mwanamume tajiri mwenye mke. Anafika hata kumwambia Tiffo kwamba wako sawa: yeye ana mke mwingine, na Ebla ana mume mwingine.

Wasomaji hulicheka jibu hilo, au hulaumu maadili yake. Sisi tunapendekeza lisomwe kwa kufuata milango. Kutoka kambi mpaka mwisho wa kitabu, Ebla anapita katika nyumba ya binamu, nyumba ya mjane na nyumba ya Asha. Hakuna aliyoijenga. Hakuna anayoweza kuibomoa asubuhi na kuondoka nayo. Mikono yake inajua kazi, lakini kazi hiyo mjini haina bei, kwa sababu nyumba ya mji hujengwa kwa fedha na fedha ziko kwa wanaume. Kinachobaki mikononi mwake cha kubadilishana ni mwili wake, na yeye analitambua hilo mapema kuliko wahakiki wake. Mji haukumkomboa na biashara ya wanawake. Umemfundisha kuwa muuzaji mahali alipokuwa bidhaa. Hiyo ni hatua, hatukatai, lakini si mwanga.

Hadithi hii imewekwa katika miaka ya mwisho ya udhamini wa Italia, kabla ya uhuru wa 1960. Mwandishi, aliyezaliwa Baidoa mwaka 1945 na kukulia Kallafo katika Ogaden, aliiandika akiwa mwanafunzi nchini India. Ni kitabu cha kijana wa mji mdogo anayeitazama kambi kwa karibu, ila si kwa kuishi humo. Labda ndiyo maana anazijua vizuri sana huzuni za msichana, na hazijui sana kazi za mikono yake.

Kuna upungufu mwingine unaofuatana na huo. Wasomali husifiwa mahali pote kuwa ni taifa la washairi. Lakini tuulize: washairi gani? Utanzu unaoheshimiwa kuliko zote ni gabay, shairi refu la baraza, la vita, la madai ya ukoo. Kwa desturi ni la wanaume. Wanawake wana utanzu wao, buraanbur, pamoja na nyimbo za kazi: za kusuka mikeka, za kusuka maziwa, za kumbembeleza mtoto. Mgawanyo wa neno umefuata mgawanyo wa kazi. Na ndani ya nyimbo hizo mwanamke husema yale ambayo shir haitampa nafasi kuyasema: humsuta mume mvivu, humlalamikia kaka, humwonya binti. Mama yake Nuruddin Farah alikuwa mtunzi wa mashairi ya mdomo. Hata hivyo Ebla haimbi. Anawaza, tena kwa akili kali, lakini anawaza peke yake, kama kwamba hakuna mwanamke wa kambi aliyewahi kusema mbele yake. Msomaji asiyejua buraanbur ataamini kwamba uasi umeanza na Ebla.

5. Ubavu, na vitenzi vya ndoa

Tuje sasa katika lugha. Jina la riwaya linatoka katika usemi wa mapokeo ya Kiislamu unaojulikana pia na Waswahili: mwanamke ameumbwa kwa ubavu uliopinda, na atakayejaribu kuunyosha atauvunja. Jina la Kifaransa limemleta Adamu na limeondoa kupinda. Msomaji wa Kifaransa anapata Mwanzo, sura ya pili. Hapati lile neno ambalo ndilo lenye ugomvi. Tukitafsiri kwa Kiswahili, hatuna sababu ya kulipoteza: «Kutoka Ubavu Uliopinda» lingekuwa jina sahihi na lenye nguvu.

Tena kupinda huko kuna maana ambayo riwaya haiisemi, lakini kambi inaisema. Nyumba ya mwanamke imesimama juu ya fito zilizopindwa kama mbavu. Ukizinyosha, hakuna nyumba. Usemi wa wanaume umekuona kupinda kuwa ni kasoro, na kazi ya wanawake imekufanya kuwa ndiyo nguvu yenyewe. Hatudai kwamba mwandishi aliikusudia maana hii. Tunasema tu kwamba iko katika ulimwengu anaouandika, na mhakiki anayo ruhusa ya kuionyesha.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika kitenzi cha ndoa. Kisomali kina guur, «hama», neno la kambi inayoondoka. Kutokana na umbo hilo kuna guuri, «hamisha», ambalo pia ni «oza», yaani toa mtu aolewe. Na kuna guurso, lenye kiambishi cha mtu anayetenda kwa faida yake mwenyewe, ambalo ni «funga ndoa». Mwanamume guursaday, amefunga ndoa. Mwanamke guursatay, naye amefunga ndoa. Kitenzi ni kile kile, na mwanamke ni mtendaji. Akitolewa na wengine husemwa la guuriyey: watu, bila kutajwa jina, wamemwoza.

Kiswahili kimegawanya mambo kwa namna nyingine. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kiambishi cha kutendwa kimemkalia mwanamke hata pale alipochagua mwenyewe. Tukiandika kwamba Ebla «ameolewa» na Awill, kisha «ameolewa» na Tiffo, tumeifuta kwa sarufi ile tofauti ambayo yeye ameilipia kwa safari nzima. Njia zipo. Kiswahili kina kuozwa, na kitenzi hicho kitumike kwa mpango wa babu na wa Gheddi. Kina kuoana na kufunga ndoa, na maneno hayo yatumike kwa yale aliyoyafanya kwa hiari yake. Mfasiri akiwa mwangalifu, msomaji wa Kiswahili ataona jambo ambalo msomaji wa Kiingereza huenda asilione: kwamba Ebla amekimbia kuozwa, hakukimbia ndoa. Na kwamba alipotoroka alifanya tendo la kifugaji kuliko yote, alihama. Malisho yalikuwa yamekwisha.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba riwaya hii haiwezi kusomwa kwa haki bila kujua nani hukamua, nani husuka, nani hujenga. Tumeona kwamba nguvu ya kitabu ni katika kumpa msichana mfugaji akili na hiari. Na kwamba upungufu wake ni kuiacha kimya kazi inayomfanya mwanamke wa kambi awe mwenye nyumba, pamoja na nyimbo zinazoifuata kazi hiyo. Kusema haya si kuitetea mila. Mpango wa babu ni dhuluma, na ngamia 50 ni dhuluma. Ila mtu hakombolewi kwa kuhesabiwa kwamba hakuwa na kitu.

Aidha, mambo hayakusimama mahali pale. Tangu kuanguka kwa serikali ya Somalia mwaka 1991, na baada ya njaa iliyotangazwa kusini mwa nchi hiyo mwaka 2011 na ukame mrefu ulioanza mwaka 2020, familia nyingi zimepoteza mifugo yao na wanawake wengi wamebeba riziki ya nyumba peke yao. Nchini Kenya, kutoka Isiolo, wanawake wa Kisomali wamejenga biashara ya maziwa ya ngamia yanayopelekwa hadi mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Ngamia wa baraza la wanaume ameingia katika hesabu ya wanawake. Mgawanyo wa kazi tuliouchora hapo juu basi ni wa historia, si wa maumbile. Umepinda tayari na utapinda tena.

Kwa wenzetu walimu tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, riwaya hii ifundishwe pamoja na maelezo ya maisha ya kambi, na wanafunzi wapewe swali hili kabla ya swali la giza na mwanga: katika kila sura, Ebla analala katika nyumba ya nani? Pili, idara zetu zifikirie kuitafsiri kwa Kiswahili, zoezi linalowafaa wanafunzi wa lisansi, mradi kila «kuolewa» lipimwe kabla ya kuandikwa.